Uliposema Unaumia, Nami Nikaita Majirani

Mjukuu wangu Naomi,

Mama yako ndiye atakayekusomea barua hii, maana Kiswahili chako bado ni "jambo" na "chai", na Kijapani changu hakijapata nguvu ya kubeba haya ninayotaka kukuambia. Nimemwomba asiruke mstari hata mmoja. Akinyamaza katikati, mvute mkono aendelee.

Unakumbuka ulivyofika hapa Wabera? Ulivua viatu mlangoni, ukavipanga vizuri kwenye vumbi, ncha zake zikitazama nje. Mama Adan, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuletea maziwa ya ngamia kwenye kikombe cha bati. Ulikunywa, ukakunja uso, kisha ukainamisha kichwa kumshukuru. Alikupenda tangu hapo.

Hukujua kwamba nilikuwa nikikungoja kwa majivuno. Nimefundisha lugha shuleni mpaka nikastaafu. Mama yako aliponiambia mnakuja kutoka huko Japani, niliagiza kitabu cha sarufi ya Kijapani kutoka Nairobi, nikakikariri kama nilivyowakaririsha watoto wa watu. Nilijua kwamba kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Majedwali yote nilikuwa nayo kichwani. Kanisani na sokoni niliwaambia watu, "Kijapani? Hiyo nimemaliza."

Ulipofungua mdomo, sikushika kitu. Badala ya kukubali mbele ya watu, nikajificha nyuma ya neno moja, "hai", yaani ndiyo. Ulisema hiki, "hai". Ulisema kile, "hai". Ulinionyesha mbuzi wa Mama Adan, ukaniuliza jambo refu, nikasema "hai", ukacheka mpaka ukakaa chini. Mpaka leo sijui nilikubali nini.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Asubuhi ile mama yako alikuwa ameenda Burat kumsalimia shangazi yake, akakuacha na mimi. Ulikuwa ukicheza nyuma ya nyumba, kwenye nyasi za mbuzi. Ukaja mbio umebana sikio kwa kiganja, ukisema, "Itai! Itai, Babu!"

Naomi, masikio yangu ni ya Kiswahili. Nilisikia "ita". Na ule mkono sikioni niliuona kama simu. Nikaamini kwamba umejifunza neno letu, na unataka nimwite mama yako. Nikapiga makofi.

"Mama Adan! Njoo usikie! Naomi ameshika Kiswahili!"

Akaja, na watoto wake nyuma yake, na mwanamume mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa miraa.

"Sema tena," nikakuambia. "Sema, ita."

Ukasema. Ulisema kwa sauti kubwa zaidi, machozi yakikushuka, na watu wakacheka kwa furaha. Yule wa miraa akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni damu yako kabisa!" Mama Adan peke yake hakucheka.

"Mwalimu, mbona mtoto analia?"

"Anamtaka mama yake," nikamjibu, kama mkalimani.

Nikampigia mama yako, nikamwambia umesema "ita", kisha nikakuwekea simu sikioni. Ni sikio lile lile. Yowe ulilopiga ninalisikia hata sasa ninapoandika. Ukamwambia mama yako maneno ya haraka huku ukilia, kisha sauti yake ikatoka kwenye simu, "Baba! Hasemi ita! Anasema anaumia! Kuna kitu ndani ya sikio!"

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyenitazama, na hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa.

Tulipanda boda, wewe katikati yangu na dereva, umebana sikio. Kwenye zahanati muuguzi alikulaza ubavu, akakudondoshea mafuta sikioni, akangoja, kisha akatoa mdudu mweusi ambaye miguu yake bado ilikuwa ikicheza.

"Amekaa humu muda gani?" akauliza.

Nikamtazama yule mdudu. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nikikuchezesha mbele ya watu kama kasuku wangu?

Mama yako aliporudi hakunigombeza. Alikupakata, akakuimbia kwa Kijapani, na ulipolala akaniuliza tu, "Baba, si ungesema huelewi?"

Siku zilizobaki ulinisalimia kwa heshima kila asubuhi. Uliinamisha kichwa, kisha ukaenda zako. Maneno yako yote uliyapeleka kwa mbuzi. Nilikaa kwenye kiti changu nikakusikia ukiwasimulia hadithi ndefu, wakikutazama huku wakitafuna. Mimi hukuniambia tena lolote, na ulikuwa na haki.

Mlipokuwa mkifunga mizigo, mama yako alichukua simu yangu. "Weka hicho kitabu, Baba," akasema. "Sikiliza Kijapani unachokielewa, hata kama ni cha mtoto mchanga. Naomi hakuanza na majedwali." Akaniwekea video.

Mlipoondoka nilizitazama nimefunga mlango, sauti chini, nisisikike kwa Mama Adan. Mwanamke mmoja mpole anachora paka. "Neko," anasema. Anachora paka mkubwa, paka mdogo, paka juu ya meza, paka chini ya meza. Hatafsiri kitu. Kisha anaelekeza kidole kwa paka, anauliza kama ni mbwa, anatikisa kichwa na kusema, "Iie." Picha ya pili akauliza tena, na mimi, mzee mzima, nikaiambia simu, "Iie! Neko!"

Nikashtuka. Hakuna aliyeniambia maana ya "iie". Iliingia yenyewe, kwa sababu nilikuwa nikielewa kinachoendelea.

Furaha hiyo haikukaa. Niliwakumbuka watoto waliokuja darasani kwangu na Kiborana, Kiturkana, Kisomali, Kimeru, lugha za kwao. Aliyeteleza akasema neno la nyumbani nilimvika kibao shingoni ashinde nacho. "Kama hujui kusema sawa, nyamaza," niliwaambia. Wengi walinyamaza kweli, na mimi nikaandika kwamba ni wazembe. Sijui ni wangapi walikuwa wakiniambia kwamba wanaumia.

Siku hizi siufungi mlango. Baada ya chai naketi na simu yangu na wale paka, na mara nyingine Mama Adan husimama nyuma yangu akitazama. Juzi alinicheka nilipokosea rangi. Alikuwa ameipata kabla yangu. Kitabu cha sarufi nimekiweka kabatini. Labda siku moja nitakirudia, nikishakuwa na lugha ya kukitumia.

Jumapili iliyopita ulinipigia simu ya video ukiwa na hadithi. Nilishika "ame", mvua, na "inu", mbwa. Mengine yote yakanipita. Ile "hai" ilinijia mdomoni, nikaimeza. Nikasema, "Wakaranai. Mou ichido." Sielewi. Sema tena.

 Ukasogea mpaka nikaona jicho lako moja tu, na ukaanza upya, polepole, neno kwa neno. Uliponiona bado nimepotea, ulikimbia ukaleta karatasi, ukachora mvua, ukachora mbwa wa jirani yenu amelala katikati ya maji, na mwenye mbwa akimvuta bila mafanikio. Nilicheka mahali panapostahili kuchekwa. Wewe pia ulicheka.

Kabla hujakata simu nilikuambia, "Gomen ne." Nisamehe. Hilo nililisikia kwenye video ya mtoto aliyevunja kikombe.

Ukanikodolea macho. "Nande?"

Kwa nini? Nililielewa swali lako papo hapo, bila kulitafuta popote. Nilifungua mdomo nikujibu, nikakuta maneno niliyo nayo ni ya paka na meza. Mama yako akaja, mkaaga, skrini ikawa nyeusi, nami nikabaki nimeshika simu.

Jibu ndilo hili ulilosomewa.

Wasalimie wa huko wote, na usichoke kuniambia mara ya pili.

Ni mimi,
Babu yako wa Wabera