Maji ya Bluu ya Pikapu

Jumanne, 3 Juni 2025

Taa imewaka leo. Tunatoka hospitali Embu, Baba amelala kiti cha nyuma baada ya mashine ya figo ya kila Jumanne na Ijumaa, mdomo wazi, blanketi hadi kidevuni. Tunakaribia Kiritiri — ting! Maandishi ya manjano kwenye dashibodi. Maji ya bluu yanakaribia kwisha.

Maji gani tena? Dizeli imejaa. Oili mpya. Pikapu yenyewe haijamaliza mwaka! Tulichanga sisi watoto wote tukanunua double cabin mpya kabisa, yenye viti vya nyuma, ndiyo Baba asipande matatu tena akitoka kwenye mashine. Mara ya mwisho alizirai mapajani mwa mama wa watu aliyebeba kuku. Alipozinduka aliomba msamaha mpaka tunashuka.

Nimempigia fundi Abdirahim, mwenye gereji kule Embu. Amecheka. Ati hizi dizeli za siku hizi zina tanki mbili: ya dizeli, na nyingine ndogo ya maji ya bluu ya kuosha moshi kabla haujatoka. Yakiisha, kompyuta inaikataza injini kuwaka. Injini ni nzima, lakini inakatazwa! Nimemwuliza ni nani alitunga sheria hiyo. Akasema si yeye.

Embu nzima hakuna. Ameagiza Nairobi.

Alhamisi, 5 Juni

Hayajafika. Parcel imepelekwa Meru kimakosa. Meru! Wananizungusha tu.

Baba ameamka na nguvu. Ameomba uji wa wimbi, akaumaliza. Kisha amekaa barazani na ule mtungi mtupu wa maji ya bluu uliokuja na gari, anasoma lebo kwa ile miwani yake ya kufungwa na uzi. Akaniuliza: mami — ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake, Ruguru — hii urea wameandika hapa, ni ile ya shamba? Nilikuwa kwa simu nikigombana na watu wa parcel. Nikasema ndiyo Baba, ni urea tu.

Hata sikugeuka.

Jumamosi, 7 Juni

Jana pikapu ilitupeleka mashine na kuturudisha, taa ikiwa bado imewaka. Leo sijui nicheke au nilie.

Nimerudi kutoka kuuza ndengu sokoni, namkuta Baba amesimama — amesimama! — kando ya pikapu, pampu ya kunyunyizia dawa muguka, ile miraa yetu ya majani, mgongoni, nayo karibu imwangushe. Alitoa stoo urea iliyobaki, ile ya kukuzia mahindi. Akaikoroga na maji ya mvua, akaichuja kwa leso, akajaza tanki ndogo mpaka shingoni. Shati limelowa chapachapa. Na tabasamu ambalo sijaliona tangu Mama azikwe.

Nimekumalizia shida, mami. Miaka yote nimepimia mimea urea kwa jicho, gari ndilo litanishinda?

Nilisema asante Baba.

Nikawasha. Taa ya manjano ikazimika! Kabisa! Baba akapiga makofi. Nami nikajiambia, huenda. Urea si urea? Huenda hawa watu wa viwanda wanatuuzia mbolea kwa mtungi na kuibandika jina la kizungu. Sikumpigia Abdirahim. Nilijua atakachosema, ndiyo maana sikumpigia.

Jumapili, 8 Juni

Kwenda kanisani, sawa kabisa. Baba mbele, anapungia watu mkono kama mbunge. Kurudi, mlima wa kwanza tu, gari likaishiwa nguvu. Nakanyaga, halisikii. Boda boda zinatupita na magunia ya makaa. Halafu taa nyekundu: maji yaliyo kwenye tanki ndogo si sahihi. Na hesabu ya kilomita imeanza, inashuka. Ikifika sifuri, gari likizimwa haliwaki tena.

Baba ameuliza kuna nini. Nimesema ni sensa, kile kidude cha gari cha kupima, kimeharibika. Siku hizi ukisema sensa kila mtu ananyamaza.

Jumatatu, 9 Juni

Abdirahim amekuja mwenyewe na pikipiki. Amefungua kifuniko, amechovya kidole, amekiangalia. Amekipangusa kwenye suruali mara mbili.

Amenivuta mpaka nyuma ya banda la mbuzi, Baba asisikie.

"Dada, hii imeganda kwa paipu kama magadi. Mbolea iko na uchafu. Yale maji ni safi kama ya sindano, hayataki mchezo."

Tanki itoke, pampu yake ing'olewe, kompyuta iguswe na mtu wa Nairobi. Na hiyo pampu haipo nchini, mpaka iagizwe. Nimemwuliza kama hawezi kuidanganya hiyo kompyuta. Amesema aliwahi kuidanganya ya mteja, ikamlaza huyo mteja barabarani karibu na Siakago. Harudii. Basi je, nikiwasha nisizime? Itaenda, amesema, mpaka utakapoizima. Lakini nisiiache ikinguruma mahali pamoja, maana chujio la moshi litajaa masizi, nalo lina taa yake.

Kila kitu kina taa yake! Baba peke yake ndiye hana. Yeye anavimba tu.

Alipokuwa akiondoka Baba akamwita kutoka barazani. Fundi, umeiona kazi yangu? Abdirahim, Mungu ambariki, akavua kofia ya pikipiki. "Nimeiona, mzee."

Nimeingia jikoni nikalia. Kidogo tu. Maharagwe yalikuwa yanaungua.

Jumanne, 10 Juni

Jirani yetu Mbaka ametupeleka na kigari chake. Baba amekunjwa nyuma, magoti yanagusa kidevu. Kurudi ametapika mara tatu njiani. Mbona tusije na letu, mami? Sensa, Baba.

Mbaka amekubali kutupeleka Ijumaa pia. Ameniapia.

Alhamisi, 12 Juni

Hakuna habari ya pampu. Uso wa Baba umefura, macho yamekuwa madogo. Amenituma nikafute vumbi kwenye pikapu. Nimefuta.

Ijumaa, 13 Juni

Mbaka hayupo. Muguka imepata bei Mombasa, ameondoka nayo. Mkewe ndiye aliyeniambia, anaangalia chini. Ambulensi ya kaunti — simu inaita, inaita, inakatika. Baba anahema kama mtu aliyepanda mlima, naye amekaa tu kitandani. Na mashine ni leo. Asipoipata leo, sijui.

Nimewasha pikapu.

Tumekuja polepole, lori za mchanga zinatupigia honi. Nilikuwa siangalii barabara, naangalia ile hesabu. Sifuri imeingia tukiwa langoni mwa hospitali. Haikuzimika! Inanguruma. Sista Virginia, muuguzi wa mashine, amempokea Baba na kiti cha magurudumu, amemwingiza. Mimi nimebaki. Naandika juu ya usukani. Nikizima, Baba atarudi nyumbani na nini?

Askari wa lango amekuja. Madam, zima gari, hapa ni hospitali. Nimemweleza. Ameenda nyuma kuangalia ekzosi, amerudi. "Mbona halitoi hata moshi?" Haswa! Halitoi moshi, ndugu yangu, ndiyo shida yenyewe. Hakuelewa. Ningekuwa yeye nami nisingeelewa.

Taa ya chujio imewaka. Abdirahim alisema.

Sista Virginia ametoka mbio. Presha ya Baba imeshuka ghafla, wamepunguza kasi ya mashine. Baba ananitaka. Nimefungua mlango — askari akazuia. Huwezi kuacha gari likinguruma bila dereva kwa kompaundi ya hospitali, madam. Zima kwanza ndipo uingie. Nikamwambia akae yeye kwenye usukani. Ati hajui kuendesha, na likienda? Sista anamgombeza, naye anasema ni sheria.

Baba analisikia gari likinguruma kupitia dirisha la wodi. Sista ameniletea maneno yake jinsi alivyoyasema: "Mwambieni mami azime, aje. Asiogope. Litawaka, dawa niliweka mimi mwenyewe."

Sista amerudi ndani. Askari amesimama mlangoni pa gari, anangoja nizime.