Pepo Sugu la Peninah

Nkirote, siamini! Nimetoka kanisani hapa Manyatta sasa hivi, bado nina hasira.

Unajua tangu ile operesheni ya kisogoni, ya Chiari, ule ugonjwa wa ubongo kushuka shingoni, natembea nikiyumba. Leo mama mchungaji amenivuta mbele ya watu wote, eti "Peninah ana pepo la pombe!" Mimi! Pombe!

Nikacheka. Na unajua nikicheka kichwa kinataka kupasuka, nikashika shingo. Akapiga kelele, "Linatoka!"

Linatoka! Kovu analiona, na bado anatafuta pepo.

Halafu akanisukuma paji la uso nianguke kama wengine anaowaombea. Miezi miwili sisimami bila kushika ukuta, lakini leo amesukuma mara tatu na sijaanguka.

Sasa wametangaza eti pepo ni sugu, nirudi Ijumaa.