Mmawia wa Chumba cha Uani

Nguvumali, Tanga
9 Machi 1957

Kwa dada yangu Mwamvua, wa tumbo moja,

Shikamoo dada, na shikamoo ya pili mfikishie mama hapo alipo, kwani najua unamsomea huku anasuka ukili wake. Natumaini barua hii imewakuta wazima, na mguu wa mama umepoa. Huku kwetu hatujambo. Ng'onda za samaki mlizotuma zimefika salama, tumezila kwa ugali wa bada mpaka jirani wakauliza zimetoka wapi.

Uweso wangu, mwanao, ukimwona hutamjua. Yule uliyemwacha siku ya arobaini kama kifaranga kilichonyeshewa, sasa mapaja yamekunjana, nikimpakata mkono unaniuma. Wanawake wa nyumba hii wanamwita Liwali kwa kile kitambi. Bi Sabiha mwenye nyumba humfinya shavu akasema mashallah, hili ndilo ziwa la mama wa kwenu Mtang'ata, halina mfano. Nami hucheka, dada, nikainamisha uso.

Unakikumbuka kile chumba cha uani, kinachopakana na jiko? Kimepangwa na Wamawia, wale Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, kwa Mreno. Mume anaitwa Rafaeli. Alikuja kukata mkonge, mkataba ulipokwisha hakurudi kwao, sasa ni mlinzi kwa Mzungu mmoja kule Raskazone. Mkewe ni Praxeda, na wana mtoto wa kike, Anjela, aliyemtangulia Uweso kidogo. Praxeda uso wote umechanjwa nembo, meno yamechongwa, na mdomo wa juu umetobolewa ukatiwa ndonya. Siku ya kwanza nilipokutana naye kisimani nilimwaga ndoo ya maji.

Maneno wanayosemwa watu hawa ni mengi. Wanasema meno yale hayakuchongwa kwa ajili ya muhogo. Wanasema Mmawia ukimcheka anatoa kisu. Jogoo wa Bi Sabiha alipopotea, ikasemwa ni Rafaeli kamla. Jogoo akaonekana mtaa wa Usagara kwa fundi cherehani, na hakuna aliyekwenda kuomba radhi. Bi Sabiha akasema basi, safari hii Mmawia hakuwahi.

Mimi kichwa changu cha darasa la nne hakielewi. Huyu Bi Sabiha bibi yake aliletwa kutoka Manyema, husema kwa kinywa chake mwenyewe. Miraji wangu babu yake Mnyasa. Juzi katoka kwenye mkutano wa chama, kasimama mlangoni ananihutubia kwamba Waafrika wote ni ndugu, hii mipaka kaiweka Mzungu. Nikamuuliza, na Rafaeli je? Akavua viatu kwanza. Kisha akasema Rafaeli ni habari nyingine, wale watu wa Mreno wanakubali ujira mdogo, wanawaharibia wenzao. Nikamuuliza, na huo mpaka wa Mreno kauweka nani? Akaniambia chai imepoa.

Sasa tuko Shaabani, na Bi Sabiha ameapa haingii Ramadhani na Mmawia nyumbani mwake. Kesho baada ya alasiri wapangaji wote tutakaa ukumbini, na kauli zikiwa moja Rafaeli ataambiwa ahamishe vyombo. Wanaume wamekwisha kubali, Miraji akiwemo. Tumebaki wanawake, na hoja yenyewe ni mimi. Wanakumbuka ziwa langu lilipoota jipu baada ya wewe kuondoka, nikalala na homa. Wanasema ni jicho la Praxeda lililonikausha, na kwamba kombe la Maalim Idarusi, zile aya zilizooshwa nikanywa, ndilo lililorudisha maziwa. Bi Sabiha kaniita mwanangu, kanishika mkono, kaniambia sina haja ya maneno mengi. Nisimame tu na mtoto, watu wamwone alivyopona, niseme nani alinidhuru.

Dada, kuanzia hapa usisome kwa sauti. Mwambie mama mwandiko wangu mbaya, unapata shida kuusoma.

Maziwa hayakurudi. Kombe nilikunywa lote, na mchuzi wa pweza nikanywa, halikutoka hata tone. Asubuhi moja Miraji yuko kazini bandarini kwenye matishari, Uweso analia mpaka sauti imekatika, na kila mlango unanipa shauri: maji ya mchele, uji mwepesi, asali kidogo. Kila nilichompa alikitapika. Praxeda hakutoa shauri, Kiswahili chake wakati ule kilikuwa salamu tu. Aliingia chumbani, akamlaza Anjela mkekani kwangu, akamchukua wangu. Nilitaka kumpokonya. Niliuona ule uso umeinama juu ya mwanangu nikataka kupiga ukelele. Kisha nikamsikia anameza. Wewe umezaa, dada, unaijua sauti ile. Nikambeba Anjela asilie.

Tangu siku ile, watu wakilala adhuhuri, mimi hupita jikoni na Uweso mpaka kwake. Mpaka leo. Hajanidai kitu, hajamwambia mtu. Wanamwita mkausha maziwa mbele yangu, naye anatwanga kisamvu chake, hanitazami. Angenitazama ingekuwa afadhali.

Nilikwenda kwa Maalim Idarusi nikajifanya namuulizia mwanamke wa shamba aliyenyonyeshewa mwana. Akacheka, akasema ziwa haliulizi kabila wala dini. Mtoto akinyonya akashiba mara tano, yule ni mama yake na wanawe ni nduguze, haramu kuoana. Waambie wawajulishe watoto mapema, akasema. Dada, Uweso tano alizipita zamani.

Sasa sijui nimetenda dhambi au nimepata bahati. Nikisema, Miraji atanifanya nini, na mwanangu ataitwa nani huko barabarani? Nikinyamaza, namfukuza mama wa mwanangu, na mtoto hata uji hajauzoea. Nilidhani nikuulize wewe, lakini barua itafika kikao kimekwisha. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena, na hapa Uweso kanishika kalamu, usishangae mistari hii.

Bi Sabiha kasema nisimame na mtoto. Basi nitasimama naye. Nikishindwa na maneno, nitampa Praxeda amshike, pale pale ukumbini mbele ya wote. Uweso haoni haya. Atafanya kile anachokijua. Labda Miraji atakumbuka aliyonihutubia mlangoni. Labda. Niombee.

Sasa rudisha sauti, dada, na salamu hizi msomee mama zote, usiruke hata moja. Anawasalimu shemeji yako Miraji, ingawa hajui niliyoandika. Anawasalimu mwanenu Uweso. Anawasalimu dada yake Anjela, na mama yao Praxeda. Mama akiuliza Wamawia wamekuwaje dada na mama, mwambie ni wa kwetu.

Wasalaam, ni mimi mdogo wako,
Mastura