Mkono wa Rebeka

Jumanne, 4 Juni

Uji umeungua tena. Nimefua vitambaa vya Rebeka na kuanika, mvua ikanyesha, nimefua upya. Analia. Hataki mkono wa kushoto uguswe. Pale alipochanjwa Ijumaa pameota kilengelenge, chekundu pembeni.

Mama mkwe anasema nimempeleka mtoto kutafutiwa ugonjwa. Labda. Yohana yuko Moshi kwenye kazi ya reli, sina mume wa kumuuliza.

Mchana alikuja Sefu, mfunga vidonda wa Bwana Mganga, yule Mdachi anayetibu watu hapa Korogwe. Alikuwa anapita nyumba zote za watoto waliochanjwa. Alipouona mkono wa Rebeka alifurahi mpaka akacheka. Nilimchukia. Mtoto analia, mtu mzima anacheka.

Jumatano, 5 Juni

Sasa nimeelewa, lakini nusu tu.

Ndui imeingia kijiji kimoja nje ya Handeni. Dawa ya chupa iliyotoka pwani imeharibika kwa joto. Watoto wote waliochanjwa nayo hapa mikono yao imelala kimya, isipokuwa wa Rebeka. Kwa hiyo dawa iliyobaki ni maji ya kile kilengelenge. Hayawekwi chupani. Hutolewa kwenye mkono wa mtoto, yakaingizwa mkononi mwa mwingine, papo hapo. Kilengelenge kikikauka, basi.

Kwa hiyo wanamtaka Rebeka Handeni.

Asubuhi palikuwa na vurugu bomani. Jana akida alimtuma mpiga mbiu, akapita akipiga kelele: "Bwana Mganga anataka watu wa kuchanja! Ajuaye kuchanja ajitolee!" Basi wakaja wanaume na mashoka. Wamesikia kuchanja kuni. Akaja Mzee Mhina, mganga wetu wa chale, na wembe wake kiunoni. Bwana Mganga naye akatoka na kisanduku chake cha kuchanjia ndui. Wote kweli walikuwa watu wa kuchanja. Akida akamgombeza mpiga mbiu. Mpiga mbiu akasema, "Bwana, neno ni lilelile ulilonipa, sikulitia chumvi."

Sefu akaomba asirudishwe mtu. Wenye mashoka watajenga vibanda vya wagonjwa mbali na kijiji na kuchanja kuni za kuchemshia maji. Wenye makovu ya ndui watauguza, kwa sababu ndui haimrudii mtu. Mimi ninayo makovu, niliugua Dindira nikiwa mdogo. Mzee Mhina atachanja, mkono wake ni mwepesi. Bwana Mganga ameitwa Tanga, kwa hiyo Sefu ndiye mkubwa wetu. Akida anasema mkubwa ni yeye. Sijui.

Sefu aliandika jina langu, akaandika amejitolea. Halafu akaandika la Rebeka, naye amejitolea. Nikamwambia futa. Mimi nimejitolea. Yeye ametolewa. Akanitazama, hakufuta.

Alhamisi, 6 Juni

Tumevuka mto Pangani. Mama mkwe hakuniaga.

Nimefunga mbeleko ili mkono wa Rebeka usiguse mgongo wangu. Mabega yanauma. Kila tunapopumzika Sefu anakuja kuangalia kilengelenge. Hamwangalii usoni, anaangalia mkono tu. Mara ya tatu nikamwambia, "Kaka Sefu, huo mkono una mwenyewe. Msalimie kwanza." Akaona aibu. Sasa anasema, "Hujambo, Rebeka," ndipo anafunua.

Mzee Mhina ni Mzigua na mimi Msambaa, kwa hiyo ni mtani wangu, na ananipa taabu njia nzima. Msambaa akitembea tambarare hujikwaa, eti miguu imezoea kupanda. Nimemjibu kwamba Mzigua akiona mlima huuliza nani kaujenga. Wenye mashoka wakacheka. Nilicheka na mimi, halafu nikashangaa nacheka nini.

Ijumaa, 7 Juni

Homa. Si ya ndui, anasema Sefu, ni ya chanjo. Atajuaje? Rebeka hanyonyi vizuri. Nilikaa chini njiani nikasema siendi. Hakuna aliyenilazimisha. Hilo ndilo lililonichanganya. Wangenikaripia ningerudi.

Mzee Mhina hakunitania. Alikata majani ya mgomba akamfunika mtoto jua. Baadaye Rebeka akanyonya kidogo, nikainuka. Sijui kama nimeinuka kwa ajili ya watoto wa watu au kwa sababu kurudi ni mbali vilevile.

Jumamosi, 8 Juni

Tumefika. Hawatutaki.

Wenye mashoka wameshaanza kukata miti ya vibanda na hilo halijawaudhi wenyeji. Lakini Sefu aliposema watoto wachanjwe kutoka kwa Rebeka, jumbe wa kijiji alisimama. Kwao, na kwetu pia Usambaa, kuchanjiana ni kufanya udugu. Watu wawili huchanjwa, damu ya huyu kwa huyu, tangu siku hiyo wao ni ndugu wa tumbo moja. Hawasalitiani. Watoto wao hawaoani.

Jumbe akasema, "Mnataka watoto wa kijiji kizima wachanjiane na kasichana kamoja. Kesho wote ni ndugu. Nani atamwoa nani hapa? Na tena kasichana ka Kisambaa!"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeleta mtoto. Sefu akaeleza kwamba ni maji, si damu. Akaeleza vizuri sana. Hawakusikia. Mzee Mhina, mwenye wembe, naye akakwama. Akaninong'oneza, "Mama Rebeka, jumbe yule hajakosea. Mimi mwenyewe nimewachanjia udugu watu wengi kwa wembe huuhuu."

Nimefunua mkono. Kilengelenge kimejaa, kina kishimo katikati. Sefu anasema kesho, na si zaidi ya kesho. Vibanda viwili vina watu tayari. Nimemwosha mwanamke mmoja ambaye hana mahali pa kushikwa.

Jumapili, 9 Juni

Sikusali. Nilikwenda barazani kwa jumbe na mtoto mgongoni. Sikupanga la kusema. Nilimwamkia shikamoo, nikapiga goti, halafu maneno yakatoka.

Nilisema, basi na iwe udugu. Sitaki kubishana. Watakaochanjwa ni ndugu za Rebeka na mimi ni mama yao. Wakikua watafute wachumba Kilindi, watafute Korogwe, waje Dindira tuwape Wasambaa. Ndugu wakiwa hai watapata pa kuoa. Wakifa hawaoi popote.

Jumbe akauliza, "Na mahari ya Wasambaa tutaiweza?"

Nikamwambia, "Ni ghali, mzee. Anzeni kulima."

Kicheko kikaanza nyuma, kwa wanawake. Mmoja akatoka, Mama Saidi, kijana kama mimi, mtoto kiunoni. Akasema, "Mchanje huyu." Mzee Mhina akachoma wembe motoni, akaupoza, akatoboa kilengelenge cha Rebeka. Rebeka akapiga yowe. Nilimshika. Nilimshika kwa nguvu mwanangu mwenyewe ili mtu amtoboe, na nikamwimbia huku nimemshika.

Saidi alikuwa wa kwanza. Baada yake wakaja wengine mpaka maji yakaisha. Waliobaki Sefu amesema watachukua kwenye mikono ya hawa, ikiiva.

Sijui nimesema uongo au kweli pale barazani.

Jumatano, 12 Juni

Kuosha, kulisha uji, kuchoma vitambaa. Simshiki Rebeka mpaka nioge na kubadili nguo. Binti wa jumbe ndiye anayekaa naye, huko kijijini. Matiti yanajaa, nakamulia majani.

Akida ametuma watu kusema tufunge njia. Sefu anasema njia ifungwe lakini chakula kipite. Jumbe anasema njia ni yake. Wenye mashoka wameniuliza mimi wafanye nini. Mimi! Nikawaambia chanjeni kuni.

Jumapili, 16 Juni

Mikono imeota! Karibu yote. Mama Saidi alinionyesha kwa mbali, amemwinua mtoto juu kama jogoo wa kuuza. Wanawake wananiita Mama Wote. Wananitania, wananiuliza watoto wangu nitawalisha nini.

Leo wamechanja waliobaki. Rebeka amepata kigaga na anacheka na kila mtu.

Jumatano, 19 Juni

Saidi ana ndui.

Mkono wake uliota. Niliuona. Sefu anasema ugonjwa ulikuwa umemwingia kabla ya chanjo, chanjo ilichelewa. Inawezekana. Au ni sisi. Nimemuuliza mara mbili.

Wengine wote ni wazima. Nawaza hivyo, halafu naona haya kuwaza hivyo.

Nimemlaza mwenyewe. Mama yake haruhusiwi kuingia, hana makovu. Anakaa chini ya mti mmoja ambao wenye mashoka hawakuukata, anasema, "Mwambie nipo." Namwambia.

Jumamosi, 22 Juni

Saidi amefariki mikononi mwangu, asubuhi.

Jumatatu, 24 Juni

Nilioga, nikavaa nguo safi, nikaenda msibani na Rebeka. Nilikaa mlangoni, kama mgeni. Nilitegemea kufukuzwa. Ningeondoka bila neno.

Mama yake Mama Saidi, bibi mzima, akanitazama. Akasema, "Mfiwa hakai mlangoni." Wakasogea. Nikapewa nafasi kwenye mkeka, kando ya Mama Saidi. Alimchukua Rebeka, akapandisha nguo yake begani. Kigaga kimeanguka. Limebaki kovu dogo, la mviringo. Aliligusa, akalifunika, akaendelea kumpakata.

Kesho ndugu wa marehemu wananyoa nywele. Wameniuliza kama na mimi nitanyoa. Nimesema ndiyo.

Mama mkwe atauliza kichwa changu kimepatwa na nini. Sijui nitamwambiaje.