Mawe ya Mama Nyuma ya Trekta

Kamisawa,
Niigata.
24 Novemba 2019

Mpendwa Baba Mdogo Eisaku,

Mama ametamka leo asubuhi kwamba trekta haiuzwi. Nimetanguliza habari hii kwa kuwa umeichangia. Sasa nikusalimu ipasavyo. Hujambo huko Paraná? Mgongo umepona? Sisi ni wazima. Baba ana mafua tu.

Nilikueleza ya Februari: Baba alibeba theluji kwa ndoo ya mbele, magurudumu ya nyuma yakanyanyuka mteremkoni, na trekta ikasimama shibiri mbili kutoka mferejini. Mama aliapa kwamba yakinyanyuka tena, trekta inauzwa na wao wanahamia kwangu mjini. Baba ana miaka sabini na tatu, na mjini hana la kufanya.

Tulifuata maelezo yako ya kutengeneza uzito wa kukandamiza nyuma ya trekta. Tulikata pipa nusu, tukapitisha chuma cha kushikwa na mikono ya nyuma ya trekta, tukamimina zege. Zege halikutosha, naye Baba akaongezea mawe aliyoyakuta ghalani. Wiki mbili baadaye figili zikawa tayari kutiwa chumvi, Mama akaingia ghalani.

"Mzee, mawe yangu ya kukandamizia figili yako wapi?"

"Yamepata kazi ya kudumu."

"Basi kazilalie figili mwenyewe mpaka Machi!"

Aliyetuokoa ni jirani yetu, Bibi Yasue, ambaye Baba humfungulia njia kila theluji ikianguka. Alileta mawe yake sita kwa toroli. Alisema afadhali akose figili kuliko kukosa njia ya kwenda kwa daktari.

Jana tulijaribu. Pipa lina kilo mia mbili na arobaini. Ndoo tuliijaza kokoto zilizolowa, Baba akashuka mteremko uleule. Mama alitembea kando, ameinama, macho kwenye magurudumu. Hayakuachana na ardhi. Leo asubuhi aliuweka ufunguo kando ya bakuli la wali la Baba.

"Haya. Lakini ndoo uibebe chini-chini, na usijifanye kijana."

"Kijana nani? Nina mafua."

Asante, Baba Mdogo. Kurasa zako nne za michoro zimembakiza kaka yako nyumbani kwake.

Nisalimie Mama Mdogo Ivone na ndugu yangu Marcílio. Mwaka mpya uwakute nyote na afya na mavuno.

Zamu ya kwanza ya Baba kufungua njia za kijiji ni Jumapili, tarehe 8 Desemba, saa kumi na mbili asubuhi. Ataanza na ya Bibi Yasue.

Mwanao akupendaye na kukushukuru,
Chizuru