Kibao cha Mlangoni

Dada yangu,

Kikohozi kimeniacha, usihangaike. Hii ni wiki ya tatu katika nyumba ninayoifanyia utafiti: familia kumi na moja, jiko moja, na ugomvi usioisha kuhusu nani kaacha sufuria chafu. Nilikuja na dodoso la maswali arobaini, nikidhani majibu nayajua.

Kila mlango una kibao. Ukiamka unakigeuza. Ikifika saa nne hujakigeuza, jirani anabisha hodi. Kitu kidogo hivyo, na sijaacha kustaajabu.

Jana nilisahau. Saa nne na dakika moja, mzee fundi cherehani, ambaye juzi tulizozana naye kwa ajili ya sufuria, alikuwa mlangoni kwangu na ufunguo wa akiba.

"Mtafiti, mzima?"

"Mzima, mzee."

"Basi geuza kibao, unatupandisha presha."

Akaenda zake. Nikakaa kitandani nikimkumbuka mama, na zile siku nne alizolala ndani amekufa, hakuna ajuaye. Hatujawahi kulisema hili, dada: kila mmoja wetu alidhani mwenzake kampigia simu.

Kuanzia kesho nipigie kabla ya saa nne. Usipopiga, nakuja kubisha.

Mdogo wako