Ushuhuda wa Pili wa Mama Yetu, Nzilani Kiema

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Septemba 1988 ulipotutoka nyumbani kwako Matiliku. Bado kuna wateja wanaokuja na vitambaa mpaka mlangoni kabla ya kukumbuka.

Ulikuwa fundi wa nguo sokoni, na kwaya nzima ya kanisa letu ilivaa sare za mkono wako. Mteja akikuharakisha ulimwambia, "Kama ni haraka hivyo, enda bila nguo." Ulipotoka hospitali Nairobi umekatwa titi lenye uvimbe, ulijaza pamba upande ule wa gauni, ukatucheka sisi tuliokuwa tunalia.

Jumapili ya shukrani ulisimama kanisani ukasema Bwana amekuponya. Baba alitoa mbuzi, na watu wakaimba sana. Kwa hiyo uvimbe uliporudi kwapani, ulinyamaza. Uliogopa watu wangesema ulimshuhudia Mungu uongo. Mkono ulivimba, ukatuambia ni uchovu wa cherehani.

Shangazi Ndinda ndiye aliyekuona ukioga. "Mama Muthama, nani amekutuma kumtetea Mungu? Wewe enda hospitali," alikuambia.

Jumapili iliyofuata ulisimama tena. "Nilishukuru kweli, na sasa naumwa kweli. Niombeeni, lakini kesho niko kwa gari ya Nairobi." Kisha akina mama wakaja mmoja mmoja kukushika mkono, ule mzima.

Daktari alisema wazi kwamba ugonjwa hautaisha, ila vidonge na kuchomwa kwa miale vingeupunguza mwendo. Ukaishi nao, ukauita mgeni wa kulala. Binti yako Syombua alizungusha gurudumu la cherehani, wewe ukaongoza kitambaa, na hivyo ndivyo gauni la arusi ya dada yake Mumbua lilivyoshonwa. Tulikuwa na furaha siku ile. Baadaye ugonjwa uliingia mifupani, na hata kugeuka kitandani kukawa kazi.

Kinachotuuma zaidi ni ile miezi ya kunyamaza, ulipoumia peke yako ili sisi tuendelee kushangilia. Mama, hatukukupenda kwa sababu ulipona.

Unakumbukwa na mume wako Kiema, watoto wako Muthama, Mumbua na Syombua, mkweo Nzioka, wifi yako Ndinda, na wanakwaya wote uliowavalisha.

Pumzika, Mama. Hakuna siku tutakayokusahau.